Karatasi ya Tabrez

Jumapili, mtaa wa Topsia, mjini Kolkata.
Mvua ya Julai imelala mitaroni,
nasi tumeazima shule ya msingi kwa siku moja.
Ubaoni hesabu za juzi hazijafutwa:
saba mara nane, hamsini na nne,
na mwalimu hayupo wa kusahihisha.

Kazi yangu mimi ni daftari.
Jina, umri, kichochoro, unaumwa wapi.
Umri wanakisia. "Andika miaka arobaini,"
asema mmoja, "ukiona ni mingi, punguza."

Mzani wetu huongeza kilo mbili,
kwa hiyo leo kila mtu amenenepa.
Shuka la maua limetundikwa kambani:
huku macho, kule akina mama.
Na juu ya lango, bango la mfadhili,
uso wake mita mbili,
neno BURE kiasi cha kiganja.

Wanaingia na harufu ya gundi na ngozi mbichi.
Istiyak, mkata kanda za ndala,
avaa miwani ya kwanza maishani mwake
na hatazami herufi tulizobandika ukutani.
Atazama vidole vyake, kimoja kimoja,
kama mtu ahesabuye chenji.
"Makovu yote haya," auliza, "ni yangu?"

Kikohozi, mwezi wa tatu sasa. Naandika.
Mtoto asiyekua. Naandika.
Binti asema tumbo;
mama yake akitoka, asema jingine.
Naandika tumbo.

Saa nane mchana vidonge vya presha vimekwisha.
Tunagawa karatasi:
hospitali kuu, dirisha la sita, kesho, mapema.
Kesho ni siku ya kazi,
na akosaye siku hukosa unga.
Sisi twajua, wao wajua;
karatasi yatoka mkono hadi mkono
kwa adabu, kama mwaliko wa harusi
ambayo hakuna atakayekwenda.

Nambari mia mbili na kumi na mbili: Mehrun.
"Unaumwa wapi?"
"Siumwi."
"Umemleta nani, basi?"
Atoa kifuani mfuko wa maziwa, uliooshwa,
na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne,
mikunjo imechakaa hadi mwanga wapita.
Tabrez. Miaka mitatu na nusu.
Tarehe ni ya miaka kumi na mmoja iliyopita.
"Sikuweza kuinunua," asema. "Sikuja kudai.
Nataka tu aliyesoma anisomee:
ingemponya?"

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua
hawakumjua Mehrun.
Yeye hakuficha.
Aliyaonyesha katika madirisha matatu,
na kila dirisha lilimtajia bei.

Daktari Ghatak asoma, arudia kusoma,
mistari miwili tu, lakini asoma kama barua.
Nami, mpanga dawa, nimeshaiona kwa juu juu:
sharubati ile ile
ambayo katoni yake nzima, tangu asubuhi,
tumeegemezea mlango usigongwe na upepo.

"Hapana, mama," daktari asema.
"Hii ilikuwa ya kushusha homa tu.
Ugonjwa wake uliishinda."

Mehrun akatikisa kichwa polepole.
Hakulia. Alikaa vizuri kitini,
kama aliyeambiwa sasa tu kwamba kiti ni chake,
kisha akakunja mkono wa blauzi.
"Maadamu nimeshafika," akasema, "nipime na mimi."

Mia na tisini na nane, kwa mia na kumi na sita.
Daktari akapima tena, mkono wa pili.
Akanitazama. Nikatazama kisanduku,
ingawa nilijua.

Nikamwandikia. Dirisha la sita, kesho, mapema.
Akanishukuru kwa mikono miwili,
akaikunja mara nne,
akaitia katika mfuko ule ule wa maziwa,
juu ya ile ya Tabrez.