Muuaji Yuko Ukurasa wa Tisa

Karibu mezani. Usiliogope hilo tofali,
linawazuia wapelelezi wasipeperuke na upepo wa Mnazi Mmoja.
Mpishe kwanza Bi Mwanaheri, anarudisha cha Jumamosi;
mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, goti linamsumbua.
Haya. Kule ni vya mitihani, na dua, na ufugaji wa kuku wa kisasa.
Wewe unayesoma mgongo wa kitabu kabla ya jalada,
sogea huku. Huku ndiko kwenye damu.

Vimeingia vitatu wiki hii.
"Umeme wa Marehemu": mwenye nyumba wa Tabata kazikwa Jumatatu,
nyumba imepigwa kufuli tatu,
lakini kila Ijumaa usiku mtu anainunulia luku,
yuniti kumi na moja, hazipungui, hazizidi.
Mpelelezi ni mama msoma mita, kiatu kimelika kisigino,
hana bastola, ana daftari na miguu.
Kinakwenda polepole. Usikianze ukiwa na haraka ya harusi.

"Mshona Sanda": fundi wa Buguruni analetewa vipimo vya maiti,
anakata, anashona, anapokea chake,
na jioni anamwona mwenye vipimo
akichagua mihogo.
Hicho nilikianza saa mbili usiku.
Adhana ya alfajiri ilinikuta sura ya ishirini,
chai imefanya utando, mke wangu kageukia ukutani.

Cha tatu, "Risiti", sikusifii.
Mwandishi anajua bunduki, hajui watu.
Ila sura ya nne, pale karani wa bandari
anapohesabu makontena mara tatu
na mara tatu linazidi moja,
kwa sura hiyo tu, elfu tano si hasara.

Sasa nikwambie la meza hii, kabla hujatoa pesa.
Nakodisha pia, mia tano kwa siku tatu.
Tangu mfungo uishe, vikirudi,
ukurasa wa tisa, pembeni,
kwa penseli iliyochongwa kwa adabu:
Muuaji ni daktari.
Muuaji ni shemeji.
Usijisumbue, ni yule mpishi.

Wateja walinijia juu. Mwalimu Kisamfu alikirusha kitabu,
kikatua kwenye jiko la muuza mahindi.
Bwana Jivraj wa duka la miwani alidai pesa yake, na ya nauli,
na yeye huja kwa miguu.
Nikaingia kazini. Nimesoma mia nne, nitashindwaje?
Nikanusa kurasa: dawa ya kuchua, na karafuu kwa mbali.
Nikatazama mwandiko: herufi zimesimama wima,
mkono uliozoea kusahihisha wengine.

Usiku mmoja umeme ukakatika,
nikawasha tochi ya simu, nikakisoma cha mpishi hadi mwisho,
kwa hasira tu.
Hakuwa mpishi.
Nikafungua cha daktari. Daktari mwenyewe alikufa sura ya kumi na mbili,
maskini, nami nimemlaani tangu ya pili.
Shemeji alikuwa Dodoma, na tiketi anayo.

Uongo mtupu, vyote!
Penseli ilitaka macho yetu yabaki kwa mpishi
ili mwenye kisu apite nyuma yetu
amebeba sinia la maandazi.
Aliyekasirika ukurasa wa tisa akafunga kitabu,
huyo hajui mpaka leo.
Mwalimu Kisamfu anatembea mjini
na siri ambayo si siri,
na kila mpishi anamtazama vibaya.

Basi chagua. Chenye penseli
bei yake inazidi mia tano, usibishe,
humo mna waandishi wawili.
Unauliza ni nani?
Ninamjua. Nimemchongea penseli mpya juzi.
Lakini nikitaja majina bure hapa barabarani
kesho nitauza nini, vifaranga?

Elfu tano na mia tano. Chenji ninayo.