Robo Saa Mbele ya Posta

Saa sita mchana Eluned anafunga duka la nyuzi,
anavuka barabara na ndoo tupu ya rangi,
kiti chake, kwa ajili ya goti.
Leo ni siku ya elfu mbili na kumi na moja.
Mvua ya Wales haina adabu, inaingia hadi kwenye soksi.

Tuko wanne. Jana tulikuwa sita.
Dereva wa lori la maziwa anapiga honi,
hatujui kama ni salamu au tusi;
Idwal humpungia mkono vyovyote vile.

Mtoto wa shule kasimama, kauliza:
"Vita vimewasikia?"

Eluned anakung'uta maji kwenye bango.
"Bado. Ila mimi navisikia.
Nikikaa nyumbani
nitavizoea."