Mgeni wa Pete

Muhogo ulitoka Busia kwa gunia,
ukasagwa Kariokor,
na sisi, ghorofa ya pili pale Chiromo,
tukaupika uji usionywewa na mtu.
Kimeng'enya kikaingia na makasi yake,
kikaukata mkufu wa wanga,
kisha (hili ndilo lililonishika mimi, mwosha vioo)
kikaunga ncha kwa ncha:
sukari saba zimeshikana mikono,
kikombe kisicho na kitako.

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu nje yapenda mvua, ndani yaikimbia.
Ndivyo Daktari Nasimiyu alivyonitegea siku ya kwanza.
Nikashindwa. Nikampa Eldoreti, akakataa,
nikampa Nairobi nzima na foleni zake,
akacheka, akachota manjano ya Ngara kijiko kimoja
akayatia majini.
Yakakaa chini, yamenuna.
Akaongeza pete.
Kufikia saa sita glasi ilikuwa na rangi ya jua la Julai,
hafifu, lakini jua.

Ila pete moja moja huponyoka, husombwa.
Ziungwe, alisema, ziwe wavu.
Asidi ya limau, tanuri, subira.
Daftari langu linasema:
kundi la tisa, kahawia.
Kundi la kumi, limeungua kama kaimati za mwanagenzi.
Kundi la kumi na moja, stima ilipotea saa nane usiku,
jenereta ya jirani ikanguruma, si kwa ajili yetu.
Kundi la kumi na mbili
lilivimba majini bila kuyeyuka,
jeupe, teketeke,
na hakuna aliyepiga makofi
kwa kuwa mikono ilikuwa na glavu mbichi.

Wa chakula wanataka wavu huo huo
uifunge harufu ya iliki
isiihame pakiti kabla ya chai.
Sawa. Mimi nina koti jeupe
lenye doa begani la miaka kumi na sita:
Mutheu, mtoto wangu, alitema pale
dawa iliyokuwa chungu kuliko shubiri,
na mimi nikamfunga pua, nikamnywesha tena,
huku nikimwomba radhi.

Jana tuliitwa kuonja, watu wazima sita.
Nikaweka tone ulimini, nikakunja uso mapema.
Nikangoja uchungu.
Uso ukabaki umekunjwa bila sababu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Hapa mwenyeji ni pete, hana homa yoyote;
anayetakiwa kupona yuko wodini, hajazaliwa labda,
maana bado kuna panya, na karatasi, na mihuri,
na miaka.
Mgeni naye halali humo daima.
Tumboni, siku yake ya tatu ikifika,
pete itamkabidhi jembe:
shuka, ukalime.

Nimeosha vioo vyote.
Kimoja kina manjano kwenye shingo, hayatoki.
Nimekirudisha rafuni hivyo hivyo.