Kucha

Saa kumi na moja alfajiri, chini ya taa yenye nondo,
mnyapara anaita majina kama mwalimu.
Kaliyamma. Yupo.
Pakkiam. Yupo, anakohoa.
Letchumi. Yupo.
Sivagami. Mimi huyo, nipo.
Kila mmoja na pampu yake mgongoni, lita kumi na nane.
Mgongo huu umebeba watoto wanne,
na hakuna hata mmoja aliyenichoma alipokojoa.

Tuliambiwa ni dawa.
Kifua cha mwanangu nilikitibu kwa dawa.
Nyasi chini ya michikichi nazo tukazipa dawa,
zikalala njano mchana uleule, hazikuamka.
Sikuuliza: nyasi zilikuwa zinaumwa nini?

Rangi yake buluu,
kama maji ya sketi ya shule ikifuliwa mara ya kwanza.

Ukucha wa gumba ndio ulioanza.
Haukuuma, ulilegea tu, kama ganda la kitunguu.
Pakkiam akacheka: umepunguziwa kazi ya kukata!
Wiki ya pili damu ya pua
ikamdondokea kwenye wali, akausukuma,
akaangalia michikichi, safu kwa safu,
hadi kengele ikalia.

Glavu zilikuwepo, nisiseme uongo.
Zilikaa ofisini, kabatini, zikimngoja mkaguzi.
Akija tunavaa, tunapigwa picha,
jioni tunazirudisha, zinahesabiwa.

Ndipo akaja Thenmoli, binti wa mjini, na daftari.
Hakuhutubu. Aliuliza tu:
mnakula kwa mkono upi?
Tukamwonyesha.
Kalamu yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tangu siku ile hatukutupa kucha tena.
Tuliziweka ndani ya viberiti vitupu,
jina la mwenyewe juu, na tarehe ya kudondoka.
Mume wangu alisema tumerogwa.
Nikamwambia ndiyo, na mchawi anatulipa mshahara.

Wanawake thelathini na mmoja, basi moja, mji mkuu.
Orofa ya tisa. Kaliyamma hajawahi kupanda lifti,
akafumba macho akaomba miungu yote kwa majina.
Bwana mwenye tai alitukaribisha vizuri sana.
Akauliza, ushahidi uko wapi?

Tukavifungua viberiti juu ya meza yake ya kioo.
Zilimwagika kwa sauti ya mchele kwenye ungo.
Hakusema kitu.
Alisogeza kikombe chake cha chai,
mbali, taratibu, kwa kidole kimoja.
Basi anajua, nilijisemea. Huyu anajua.

Ikapigwa marufuku. Tukapika wali wa maziwa na iliki,
tukawapelekea hata majirani tusiosalimiana nao.

Misimu minne ya mvua, ikarudi.
Wenye mashamba walikuwa wamelia gharama,
na kilio chao hakikuhitaji kupanda basi.
Buluu ileile, mtungi mpya, bei imepungua.
Pakkiam hakuyaona hayo.
Mnyapara alilipita jina lake asubuhi moja,
kutoka Kaliyamma moja kwa moja hadi Letchumi,
wala hakupumua katikati.

Tukaanza upya. Viberiti vipya.
Thenmoli naye sasa ana mvi, na daftari la saba.
Sitawachosha na miaka iliyofuata:
barua, muhuri, njoo kesho,
waziri yumo safarini, njoo kesho.

Jana redio imesema. Safari hii, inasemekana, ni ya kudumu.
Nilikuwa namenya vitunguu saumu,
nikamaliza kumenya kwanza.
Halafu nikaenda kwa Letchumi,
aliyepanda mrehani ndani ya mtungi wa zamani,
nikamwambia autoboe chini,
wajukuu wasije wakauchotea maji.

Sikulala, usiku kucha.
Asubuhi vijana wanapita wakiimba kwamba kumekucha.
Huenda.
Nimezihesabu kucha zangu mlangoni, kwenye mwanga:
tisa.
Wa kumi unaota kwa mawimbimawimbi,
haujaamua.