Dungu la Mfenesini

Mpunga umeshaingia ndani, Faki,
na dungu bado liko juu ya mfenesi,
linalitazama bonde tupu
kama mgeni aliyesahau kuaga.

Asaa kapita asubuhi, jembe begani:
"Liache hapo hapo, Mize. Mwakani litakuwapo."
Litakuwapo, ndiyo.
Hata kaburi huwapo.

Mwaka jana si tuliliacha?
Vuli ikalilowesha, kaskazi ikalikausha,
mchwa wakapanda polepole na udongo wao,
ngazi ikabaki ngozi, ndani unga mtupu.
Ukapanda usiku ule, tochi mdomoni,
mkuki mkono mmoja, debe mkono mmoja,
nguruwe wanakoroma ndani ya mihogo yetu
(sisi hatumli, yeye anatula),
na kipandio cha tatu
kikasema neno moja tu.
Mimi nilikuwa chini na birika la chai.
Sikulimwaga. Mpaka leo sijui kwa nini sikulimwaga.

Sasa uko barazani na mkongojo,
nyonga imeunga upande,
unanifundisha kwa sauti mpaka Mtambwe nzima imeelimika:
mbao zisilale chini, ziegemezwe;
kamba ya usumba isikunjwe na unyevu;
miguu ya dungu ipakwe oili chafu, kamwombe Khatibu wa gari;
misumari ing'olewe, inyooshwe,
itiwe koponi na mafuta ya taa.
Naam, bwana. Naam.
Hukuniuliza kama naogopa kupanda.

Naogopa.
Nimepanda na hofu yangu,
suruali yako ndani, kanga kibwebwe,
nikigonga kila kipandio kwa kisu kabla ya kukikanyaga,
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mdeni.

Huko juu tumbili wamehamia.
Maganda ya mihogo yetu wameyaacha juu ya jamvi lako,
mmoja kanikazia macho
kama mimi ndiye mwizi na yeye ndiye mlinzi.
Chini ya pau nyigu wamejenga.
Kiberiti chako nimekiona, kimelowa,
njiti zimegandana vichwa kama wasengenyaji.
Na nilipokaa pale unapokaa wewe,
nikageuza shingo kidogo tu,
nikaona jiko letu. Mlango wake. Kigae cha moto wangu.
Miaka kumi na moja unaniambia
ulikuwa unaangalia nguruwe.

Kamba sasa.
Ile uliyoikaza kwa meno, ukajisifu,
sikuiona nilipoitafuta.
Mti umenenepa bila kutuambia,
ganda limeifumba kamba kama mdomo unaoficha siri.
Nimechimba kwa ncha ya kisu, taratibu,
ulimbo mweupe ukanitoka vidoleni mpaka kiwikoni,
na bado unaninata, nikishika mwiko unanata,
nikishika mkono wako utanata.

Nimelishusha, ubao kwa ubao,
nikauteremsha kila mmoja kwa kamba
kama mtu anayetoa watoto kisimani.
Mbao ziko darini jikoni, moshi uzifukize.
Jamvi nimelianua, linanuka mwitu.
Misumari thelathini na minne iko koponi;
mitatu imekataa kunyooka, nimeiacha na tabia yake.

Lakini zile boriti mbili kubwa,
nzito, Faki, nzito kwangu peke yangu.
Nimeziacha mtini.
Nimezipaka oili, nimezivisha turubai la mbolea,
nimezifunga upya kwa kamba mpya
nikaacha nafasi ya vidole vitatu:
kimoja cha mvua,
kimoja cha mti,
cha tatu sikukitafutia jina.

Usiku umeniuliza, taa imeshazimwa,
"Zile boriti, umezikaza?"

Nimezikaza, nimekwambia.
Lala.