Yai Viza

Jumanne, kliniki ya sukari, Rufaa ya Mbeya.
Mama Subilaga anapanda mzani na sweta
ili apate cha kulaumu:
kilo mia na nne.

Daktari kijana anasema mwili wenyewe
hutengeneza hewa ile ya Majimoto,
ile tuliyoizibia pua utotoni
tukidhani mlima umetaga mayai viza.
Chembe tu. Inalegeza mishipa, damu ipite.
Unene ukizidi, mishipa huikosa;
nayo ikijaa kwenye kongosho,
insulini hugoma kutoka.

“Kumbe nanuka ndani?”
Foleni nzima inacheka,
hata yule mzee aliyekatwa mguu.

Na dawa yake?
Bado wanaitafuta, mama. Wako kwenye panya.

Tunarudi kwa miguu hadi Mafiati.
Anapumzika mara tatu,
mara ya tatu anasingizia ndala.
Ukungu wa Loleza umeshuka mpaka kwenye mabati.

Usiku, sahani ya ndizi imekuwa kisosi.
Anamenya kitunguu saumu, punje kwa punje,
kisha ananusa vidole vyake
taratibu,
kama anayesoma barua
ya ndugu aliyemdharau.