Tanuri la Karura

Mama alilipa langoni kwa simu, akanung'unika:
"Kulipia miti! Zamani msitu huu ulikuwa wa bure,
na wa kuogopwa."
Goti lake la kushoto likaanza kulalamika
kabla hatujafika njia panda ya kwanza.
Mashona-nguo yalitung'ang'ania hadi mapajani.
Kima mmoja akatupima kwa jicho la karani,
akaona hatuna ndizi, akatupa kisogo.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona,
mchele unaomwagwa kwenye ungo, bila kukoma.
Maji rangi ya chai, povu lenye kutiliwa shaka:
jiji limeshanawa mikono huko juu.
Hata hivyo, yakijirusha mwambani
yanakuwa meupe, kwa muda wa kuanguka tu.
Mama alikinga rasharasha kiganjani,
akajipangusa uso. "Sasa twende kwenye tanuri."

Sikujua kuna tanuri.

Matofali yameachana. Mlango wa chuma umeliwa na kutu,
mzizi wa mtini umeingia bombani
ulimokuwa ukitokea moshi.
"Hapa tulichoma noti kuukuu," akasema.
"Gunia kwa gunia. Askari wawili na karani mmoja,
na karani ndiye mimi.
Zilinuka samaki, makaa, maziwa, vifua vya mama mboga.
Nazihesabu mara ya mwisho, natia sahihi,
kisha moto."

Mwaka gani?
Akautaja.
Nikahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti:
darasa la sita, muhula wa pili,
mwalimu Mutinda ananisoma jina mstarini,
nami nabeba mkoba, narudi nyumbani kwa miguu
kwa ajili ya shilingi mia nne.

Alijua nahesabu nini.
"Hata moja haikunata kiganjani mwangu."
Sikutambua kama anajisifu
au anaomba radhi.

Kwenye kinywa cha tanuri, katika jivu
ambalo mvua imekwisha kuligeuza udongo,
maua ya manjano yalikuwa yamejiotea.
Marejea, akasema, ndilo jina lake.
Kibao kilikataza kuchuma chochote.
Mama akatazama nyuma, akakwanyua ganda moja kavu,
akalitikisa sikioni mwangu:
sarafu chache koponi.
"Hili nimeiba," akasema,
akalitia mfukoni mwangu,
na mkono wake ukakawia humo
kama wa mtu anayetafuta chenji.